SARAFU ILIYOCHAKAA HAISUGULIWI, HUSOMWA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu



Nakuomba uketi kitako unisikilize, maana nina neno ambalo limenikaa moyoni tangu likizo ya Desemba. Neno lenyewe ni hili: mtu akikuletea sarafu ya kale ya Kirumi, iliyolika hata kichwa cha mfalme kikabaki kama kiazi kilichomenywa, usiisugue, wala usiibandike jina usilo na hakika nalo. Ipime. Iangalie. Soma kilichosalia. Halafu useme lile unalolijua na ukome papo hapo. Hayo ndiyo maoni yangu na nitayatetea hadi mwisho.

Najua wapo watakaocheka. "Ati sarafu ya Warumi! Kwani sisi na Warumi wapi na wapi, na nauli ya kesho yenyewe haijapatikana?" Swali zuri. Lakini sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili ndio wa mwisho kuuliza hivyo. Hebu fungua kamusi utafute neno fulusi. Utaambiwa ni pesa. Sasa lifuate neno hilo lilikotoka. Warumi walikuwa na sarafu ya shaba iliyoitwa follis. Waarabu walilichukua jina hilo wakasema fals, na kwa wingi fulus. Nasi tukalipokea kutoka kwao, tukapata fulusi. Dinari nayo ilianza safari yake kama denarius, sarafu ya fedha ya Roma. Kwa hivyo tangu zamani midomoni mwetu mna sarafu mbili za Kirumi zilizochakaa, nasi twazitumia bila kujua.

Isitoshe, nyumbani kwetu kuna moja ya kushikwa mkononi. Baba yake babu alikuwa miongoni mwa vijana wa Afrika Mashariki waliopelekwa Misri kulifanyia kazi jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hakurudi na utajiri. Alirudi na koti zito, kovu mguuni na kijisarafu kimoja ambacho amekiacha ndani ya kopo la majani chai. Alipokuwa hai hakuna aliyemwuliza alikipatia wapi hasa, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Desemba iliyopita baba mdogo alikitoa koponi akasema, "Hii ni doo." Dalali mmoja wa vitu vya kale alikuwa amemwambia kwamba sarafu ya yule Kaisari wa kwenye Injili huuzwa kwa pesa nyingi mno, mradi iwe inang'aa na iwe na karatasi ya maelezo. Ndimu zilikuwepo. Majivu yalikuwepo. Mwandishi wa karatasi ndiye mimi, kwa kuwa ndimi msomi wa nyumba. "Wewe andika tu ni ya Tiberio, uweke na miaka. Nani atabisha?" Na si kwamba alisema kwa ubaya. Karo yangu ya muhula ilikuwa bado, naye ndiye aliyekuwa akihangaika kuitafuta.

Sikuandika. Sababu zangu ndizo hizi, na nazieleza moja moja kwa sababu naamini zitamfaa yeyote mwenye kopo kama letu.

Kwanza, mizani haipendelei mtu. Mwalimu wa kemia aliturudishia jibu kwa dakika moja: gramu 1.6. Kile kipimo cha vania tunachokitumia kwenye fizikia kikasema milimita 16. Na rangi yake ni ya shaba iliyoiva, kahawia yenye kijani. Sasa linganisha. Dinari ya Tiberio, aliyetawala kutoka mwaka 14 hadi 37, ilikuwa ya fedha na uzito wake ulikuwa karibu gramu 3.7. Katika Injili ya Marko sura ya 12 tunasoma kuwa Yesu aliletewa dinari. Injili haisemi ni Kaisari yupi aliyechorwa juu yake, ila wasomi wengi humtaja Tiberio kwa kuwa ndiye aliyekuwa akitawala. Haya, fedha hata ichakae vipi haigeuki shaba. Kabla hatujasoma herufi hata moja, Tiberio ameshatoka mlangoni.

Ndiyo maana nasema upimaji ndio mwanzo. Warumi walikuwa na sarafu za ukubwa mbalimbali. Katika karne za kwanza ile iliyoitwa sestertius ilikuwa kubwa, kama gramu 25, inajaa kiganja. Ile iliyoitwa as ilikuwa ya shaba, kama gramu 11. Vijisarafu vyembamba vya shaba vya gramu moja na nusu au mbili ni vya karne ya 4 hasa, wakati sarafu za shaba zilipopunguzwa uzito mara kwa mara. Uso ukifutika, uzito haufutiki wote. Mtu aliyesahau sura ya mgeni aweza bado kukumbuka kimo chake.

Pili, mwanga. Mchana sarafu yetu ni laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Lakini zima taa, iweke juu ya meza, kisha ishike tochi chini kabisa ubavuni mwake, mwanga upite kama jua la saa kumi na mbili jioni. Vivuli huanza kuota. Izungushe kidogo kidogo, maana herufi iliyojificha upande huu hujitokeza upande ule. Tulifanya hivyo jioni tatu mimi na dada yangu, yeye akishika tochi, mimi nikichora kila tulichokiona kwenye daftari. Tulikubaliana jambo moja: hakuna kuandika herufi ambayo hatukuiona sote wawili.

Tatu, kichwa kimevaa nini? Hili ni jambo kubwa kuliko pua na kidevu. Taji lenye miale kama ya jua mara nyingi lilionyesha sarafu yenye thamani mara mbili, kama ile iliyoanzishwa na Kaisari Caracalla mwaka 215. Shada la majani ndilo lililozoeleka kwa Makaisari wa karne za mwanzo. Utepe wa lulu ulikuja kuzoeleka tangu wakati wa Constantinus Mkuu. Kwetu sisi, juu ya paji la uso pana safu ya vitone kama shanga. Basi tuko karne ya 4, na mizani ilikuwa imeshatuambia vivyo hivyo. Mashahidi wawili ambao hawajakutana wakisema neno moja, hapo unaanza kuamini.

Nne, herufi. Angalia kwanza kama ni za Kilatini au za Kigiriki, kwa maana miji ya mashariki ilipiga sarafu zenye maandishi ya Kigiriki, na Iskanderia ya Misri iliendelea kufanya hivyo hadi miaka ya 290. Zetu ni za Kilatini. Kumbuka kuwa Warumi waliandika V mahali pa U, na walipenda kukata maneno. AVG ni Augustus, cheo cha mfalme mkuu. NOB C ni Kaisari mtukufu, yaani mdogo anayesubiri zamu. D N ni "Bwana wetu". Katika sarafu yetu tulipata herufi tano tu zinazofuatana: NSTAN.

Hapo ndipo ningeweza kushangilia nikaandika "Constantinus Mkuu!" Jina kubwa hilo, hata wanafunzi wa Elimu ya Dini wanalijua. Lakini subiri kwanza. Constantinus Mkuu alifariki mwaka 337 akawaacha wana watatu waliogawana milki. Majina yao? Constantinus wa Pili, Constantius wa Pili, na Constans. Jameni, ni kama mzee aliyewaita wanawe wote jina moja kisha akawaachia shamba! Jaribu mwenyewe kuandika majina yote hayo kwa herufi kubwa. Kila moja lina NSTAN ndani yake. Herufi za kuamua zilikuwa zile zinazofuata, na hizo zimelika kabisa.

Tano, geuza upande wa pili. Mara ya kwanza dada yangu alisema anaona chupa mbili za soda na mrija katikati. Hakuwa mbali na ukweli. Ni askari wawili wamesimama, kila mmoja na mkuki na ngao, na kati yao bendera moja ya kijeshi. Sarafu za namna hii zilizungushiwa maneno GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi. Na hapa kuna siri tamu. Zilipoanza kupigwa mwaka 330 hivi, askari walikuwa na bendera mbili kati yao. Kuanzia mwaka 335 hivi uzito ulipunguzwa, na bendera ikawa moja, hadi mwaka 341 hivi. Sisi tuna bendera moja na gramu 1.6. Kwa hivyo, bila kujua jina la mfalme, tumekwisha kujua sarafu ilipigwa katika miaka isiyozidi 7, miaka kama 1,700 iliyopita. Je, kuna hata mmoja wetu anayeweza kutaja kwa umbali mdogo hivyo mwaka aliozaliwa babu wa babu yake?

Sita, chini ya miguu ya askari huwa pana herufi ndogo za karakana iliyopiga sarafu. Ni kama chapa ya kiwanda. Kwetu zinaonekana mbili, A na L. Karakana ya Iskanderia ilitumia SMAL, ikiongeza herufi moja ya kuonyesha ni kitengo gani. Basi yaelekea kisarafu chetu kilizaliwa Misri, na babu alikipatia Misri.

Hayo yote yalitoka katika kitu ambacho baba mdogo alitaka kukisugua kwa majivu! Na hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu najua mazoea yetu. Sufuria ikiwa nyeusi tunaisugua. Beji ikififia tunaisugua. Lakini shaba iliyokaa ardhini karne nyingi huota ngozi ya kahawia au kijani, na mara nyingi mistari ya uso na herufi imebaki ndani ya ngozi hiyo hiyo. Ndimu ikiila, imekula maandishi. Unachobaki nacho ni kidude kinachong'aa, kisicho na jina, kisicho na mwaka, kisicho na mji. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Tofautisha tu na ule unga wa kijani kibichi unaopukutika, ambao ni ugonjwa wa shaba wenyewe. Huo unataka mahali pakavu na mtaalamu, wala si steelwool ya jikoni.

Sasa tuje kwenye karatasi niliyoombwa kuandika. Wengine wataniambia, "Wewe unajifanya mtakatifu. Sarafu ni yenu, karo ni yako, na dalali ni mtu mzima. Uwongo mdogo utamdhuru nani?" Nami najibu kwamba karatasi huishi kuliko mwandishi. Kesho dalali ataiuza kwa mwingine, na mwingine kwa mwingine, na kila mmoja ataonyesha mwandiko wangu. Sarafu yenyewe haiwezi kujitetea, maana maandishi yake yamekwisha. Chenye sura kamili hakidhuriki sana ukikisingizia, kwa kuwa kila mwenye macho atakuumbua. Kilichofutika ndicho hukubali jina lolote utakalokipa. Ndiyo sababu ukweli wake unahitaji ulinzi zaidi.

Tena si uso tu unaopotea. Hata mahali hupotea. Mwanzoni mwa karne ya 20 kapteni mmoja aitwaye Haywood alisema amepata sarafu nyingi za kale huko Bur Gao, pwani ya kusini ya Somalia, zikiwemo za Makaisari wa Roma. Ingekuwa habari kubwa kwa historia ya pwani yetu. Lakini hakukuwa na ushahidi wa kutosha wa jinsi na mahali zilipopatikana, na wataalamu kama Neville Chittick wakazitilia shaka. Mpaka leo haziwezi kutegemewa. Hasara hiyo ni yetu sote. Yule baharia Mgiriki aliyeandika kitabu cha safari za Bahari ya Shamu katika karne ya 1 anataja soko la Rhapta huku kwetu Afrika Mashariki. Anasema walileta mikuki, shoka, visu na vioo, wakachukua pembe za ndovu na za kifaru. Pesa hazitaji kwa Rhapta. Kwa hivyo sarafu moja tu ya Kirumi iliyopatikana pwani hii kwa ushahidi safi ingekuwa na maneno mengi ya kutuambia, hata kama haina uso.

Wapo pia watakaoniambia niache ya Warumi nishughulikie ya kwetu. Sawa kabisa, na njia ni ile ile. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu chache kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yao. Akazitia koponi, kama sisi, zikakaa humo hadi mwaka 1979. Zilipochunguzwa, tano kati yake zikatambuliwa kuwa za Kilwa! Sarafu za shaba za masultani wa pwani yetu, zimefika Australia. Hakuna aliyekuwa amezisugua kwa majivu, na mwenyewe aliweza kuonyesha kwenye ramani mahali alipoziokota. Je, zingeitwa za mfalme fulani maarufu ili zipate bei, nani leo angejua kuwa Kilwa ilifika huko?

Kuna pia wanaosema, "Piga picha, simu itakujibu." Simu itakuonyesha sarafu nzuri ya mtu mwingine inayofanana na yako. Hiyo ni msaada, sikatai, nasi tulilinganisha michoro yetu na picha kama hizo. Lakini simu haikupimii gramu, na haijui ni herufi gani uliyoiona kwa macho na ni ipi uliyoitamani tu.

Basi karatasi niliandika, ila si ile ya dalali. Inasema hivi: "Sarafu ya Kirumi, shaba, gramu 1.6, milimita 16. Upande mmoja kichwa chenye utepe wa lulu, herufi NSTAN. Upande wa pili askari wawili na bendera moja, chini AL. Yaelekea ni ya Iskanderia, kati ya mwaka 335 na 341 hivi. Mfalme ni Constantinus Mkuu au mmoja wa wanawe, haiwezekani kuamua. Ililetwa kutoka Misri na baba yake babu wakati wa vita. Mahali alipoipatia hapajulikani." Baba mdogo aliisoma mara mbili. Akauliza, "Na bei?" Nikamweleza ukweli kuwa sarafu za aina hii zilipigwa nyingi mno, na zilizochakaa huuzwa ng'ambo kwa mafungu kama nyanya. Alinuna siku mbili tatu. Karo ililipwa kwa mbuzi wawili, na dalali hakuonekana tena. Njia ya mwongo ni fupi.

Siandiki haya ili nisifiwe. Naandika kwa sababu nimegundua kwamba shuleni tumezoea jibu zima tu. Tukikosa jibu zima, tunabuni. Mtihani ukiuliza "Ni nani?" tunaogopa kuandika "ni mmoja kati ya hawa wanne", hata kama huo ndio ukweli wote uliopo duniani. Kumbe kujua mpaka wa ujuzi wako nako ni ujuzi. Yule anayesema "miaka 7, mji mmoja, wafalme wanne" amesema mengi kuliko yule anayesema "Tiberio" kwa sauti kubwa.

Ombi langu kwa wasomaji ni hili. Nyumbani kwenu kuna kopo. Labda mna senti zenye tundu za enzi za ukoloni, labda heller ya Wajerumani iliyotoka Tanganyika, labda kitu cha ajabu zaidi. Muhula ujao Chama cha Kiswahili kitenge Alhamisi moja, kila mtu alete alicho nacho jinsi kilivyo, na uchafu wake. Mizani tutaiazima maabara. Tochi tutakuja nazo. Na kabla ya siku hiyo, nenda kwa babu na nyanya wangali hai, uwaulize walikipata wapi, lini na kwa nani, kisha uandike kwa kalamu ya wino. Kuuliza si ujinga, na swali hilo halitangoji sana.

Kalamu naiweka chini. Wasalaam.